Mnaanzaje na uzio kabla ya benchi?

Nimetoka kwenye kikao kingine cha kupanga eneo la wazi hapa Mbeya na kitu cha kwanza mezani, kabla hata ya kuulizana nani atalitumia, ni uzio. Eti tukizungushia nyaya, geti moja na mlinzi, basi wananchi watakusanyika. Nimechoka kulisikia hili, na hela ikishaingia kwenye nguzo na nyaya hairudi, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Watu hawakai katikati ya eneo. Wanakaa pembeni, mgongo una kitu nyuma yake, macho yanaangalia wanaopita. Nenda Kabwe au Mwanjelwa jioni uangalie: dereva kaegemea bajaji, mama wa chai kaweka benchi lake ukutani kwa duka, vijana wako kwenye ngazi, katikati ni pa kupita tu. Sasa uzio unajengwa wapi? Hapohapo pembeni! Na geti likiwa moja, anayetokea upande wa pili itabidi azunguke eneo zima, hazunguki ng'o, anapita kwingine, na huyo mpita njia ndiye angenunua karanga, na muuza karanga ndiye angekuwa anaona nani anafanya nini humo ndani. Mpita njia akiondoka wote wanaondoka.

Mtaniambia usalama. Haya, bustani ya umma ya Bryant Park huko New York ilikuwa na uzio na vichaka vimeizunguka, ndani wakajaa wauza madawa ya kulevya kwa sababu aliyeko barabarani haoni kitu. Ilifungwa 1988, ikafunguliwa tena 1992 vichaka vikiwa vimepunguzwa, viingilio vimeongezwa na viti vya kuhamishika vimewekwa, na aliyekuwa akiwashauri hivyo muda wote ni William H. Whyte, mtu aliyezoea kuwarekodi watu kwa kamera kwenye viwanja vya mji ule. Viti vya kuhamishika hapa kwetu sivipendekezi, vitaibiwa, ila hilo la kuonekana kutoka nje halibadiliki eti kwa sababu hapa ni Mbeya.

Kama hofu ni magari kuingia, jenga ukuta mfupi wa sentimita 45, juu uwe mpana wa kukalia, acha mapengo mengi ya kupita kwa miguu. Gari linazuilika na mtu anapata pa kukaa, hela ileile.

Halafu kuna hili la baridi, kwamba watu wa huku hawana mazoea ya kukaa nje. Wanakaa sana, juani! Ramani nyingi tunazoletewa zimefikiriwa kwa joto la Dar, kivuli kila mahali. Mwezi wa sita na wa saba jua letu la mchana liko upande wa kaskazini na upepo wa baridi unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo benchi liwe na ukuta au miti minene nyuma yake upande huo wa upepo, mbele liangalie kaskazini. Ukiligeuza kinyume hapakaliki mpaka Septemba. Mifereji ya maji ya mvua sihitaji kuieleza, kila mtu anajua masika ya Mbeya yalivyo.

Ninachokosa jibu lake ni wafanyabiashara wadogo. Bila chai, mahindi ya kuchoma na parachichi hakuna anayekaa, ila ukiwaruhusu bila mpaka, baada ya muda meza zimejaa mpaka kwenye mabenchi na mzee aliyekuja kupumzika tu hana pa kukaa, na ukiwaletea mgambo umeua eneo kwa njia nyingine. Kuchora mistari chini nimeona kunasaidia kidogo, halafu mistari inafutika. Wenye mitaa ambayo wauzaji na wakaaji wamepatana bila mtu kufukuzwa, niambieni mlikubalianaje na nani anasimamia.