Maisha ya kiasi maana yake nini hasa?

Neno "kiasi" tunalitumia kila siku: kwenye chumvi, kwenye dawa, kwenye mwendo wa gari. Kote huko lina maana moja, kwamba pana kipimo; usipokifikia hufaidi, ukikipita unaharibu. Maisha ya kiasi ni kipimo hichohicho kikipelekwa kwenye mali na matumizi: nguo, vyombo, simu, samani, umeme, safari. Mtu anaamua mwenyewe, kabla hajaingia dukani, ni wapi panapomtosha, kisha anaishi karibu na hapo ingawa uwezo wa kupita anao.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu anayekula mlo mmoja kwa siku kwa sababu hana wa pili haishi maisha ya kiasi. Ana dhiki, na dhiki ni ya kuondolewa. Nawaomba wanaoandika juu ya mambo haya waache kabisa kuupamba ufukara. Mmarekani Richard Gregg, aliyekaa India na kujifunza kwa Gandhi, aliandika kuhusu maisha ya namna hii mwaka 1936, na neno alilolikazia ni hiari. Yeye mwenyewe vitu vingi havikumsumbua kuviacha, isipokuwa vitabu. Alipomweleza Gandhi, aliambiwa asiviache basi. Maadamu kitu kinakufaa rohoni, kaa nacho. Ukikiacha kwa kujilazimisha, moyo utabaki unakidai.

Kiswahili kina neno linalolenga hapo hapo: kukinai. Aliyekinai hakunyimwa. Amepata, ametosheka, amerudisha mkono. Ndiyo maana bahili hayumo katika habari hii. Yeye ananunua kidogo ili arundike zaidi, na hajakinai hata siku moja. Hayumo pia yule anayetupa vyombo vizima ili sebule ionekane tupu na nadhifu, halafu ananunua vipya vinavyofanana rangi. Kutupa kitu kinachofanya kazi ni israfu, hata kama picha ya sebule inapendeza.

Kiasi na uendelevu ni mambo mawili yaliyo jirani. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Uendelevu, basi, unatazama dunia nzima na kesho yake. Kiasi kinatazama kabati lako.

Kwa nini kiasi kiwe kigumu? Kwa sababu tunaishi katika jamii ya walaji, yaani jamii ambayo viwanda, ajira na hata heshima ya mtu vinategemea watu waendelee kununua. Bidhaa inayodumu sana ni hasara kwa anayeiuza. Desemba 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani waliunda umoja wao huko Geneva, Uswisi, wakakubaliana balbu isipite saa 1,000 za kuwaka, ilhali balbu nyingi za wakati huo zilikuwa zikidumu zaidi ya hapo. Kiwanda ambacho balbu zake zilizidi muda huo kilitozwa faini. Ujuzi wote ule ulitumika kufupisha maisha ya kitu kizuri! Si kila bidhaa hutengenezwa kwa nia hiyo, lakini betri iliyogandishwa kwa gundi ndani ya simu, au kipuri kisichouzwa popote, huleta matokeo yaleyale.

Lakini tusiwasingizie wenye viwanda kila kitu. Upo mtego ulio ndani yetu, na aliyeusimulia vizuri kuliko wote ni mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot, mwaka 1769. Alikuwa na joho kuukuu la kuvaa nyumbani. Kitabu kikiwa na vumbi, alikipangusa kwa pindo lake. Wino ukigandia kwenye kalamu, aliufutia ubavuni mwake, na mistari myeusi ya wino ikabaki pale kama ushahidi wa kazi. Kisha akapata joho jipya, jekundu, la fahari. Hilo hakuthubutu kulifutia chochote. Baya zaidi, kila kitu chumbani kikaanza kuonekana kichakavu mbele yake. Kiti cha majani makavu kikaondoka, kikaja cha ngozi. Meza ikabadilishwa. Picha za ukutani nazo zikafuata. Aliishia na chumba cha kifahari na majuto, akisema alikuwa bwana wa joho la zamani lakini amekuwa mtumwa wa jipya. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliipa tabia hii jina la Diderot.

Nimekaa sana na kisa hiki kwa sababu ndicho kinachonionyesha kiasi kinapovunjika. Hakivunjiki kwa tamaa kubwa. Huanza na kitu kimoja kizuri, pengine hata zawadi, ambacho kinavifanya vingine vyote vionekane havifai. Kwa hiyo swali la "je, fedha ninazo?" halitoshi. Lenye msaada zaidi ni hili: kitu hiki kikiingia nyumbani, kitadai nini kingine?

Pana mtego mwingine, nao huwanasa hata wenye nia njema. Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aligundua kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa machache kwa kazi ileile, matumizi ya makaa nchini yaliongezeka. Nishati ilipokuwa nafuu, watu waliikimbilia. Nyumbani ni vivyo hivyo. Unaweka taa zinazotumia umeme kidogo, kisha unaziacha zinawaka usiku kucha. Ndiyo sababu sikubali kwamba kununua bidhaa "ya kijani" badala ya ile nzima uliyo nayo ni maisha ya kiasi. Kwa simu ya mkononi, sehemu kubwa ya hewa ukaa inayotokana nayo imeshatolewa migodini na viwandani kabla mwenyewe hajaiwasha mara ya kwanza. Kila mwaka unaouongeza kwenye simu uliyo nayo ni mwaka ambao nyingine haijahitajika. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Sheria ina kazi yake, maana mtu mmoja hawezi kukifungua kilichogandishwa kwa gundi. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwataka wauzaji wa baadhi ya vifaa, zikiwemo simu na mashine za kufulia, waonyeshe alama kati ya 0 na 10 ya jinsi kifaa kinavyotengenezeka kikiharibika. Mnunuzi aliiona alama hiyo kabla hajalipa, na hapo ndipo ilipomsaidia.

Kwa upande wangu, kiasi nilikielewa kwenye kola ya shati. Kola hulika upande mmoja tu, pale inapokunjwa na kusuguana na shingo; upande wa chini hubaki kama siku ulipotoka kiwandani. Fundi cherehani alichukua wembe, akafumua mshono unaoishikilia, akaigeuza wa chini ukawa juu, kisha akaipachika tena akifuata matundu yaleyale ya sindano ya kwanza. Shati lilikuwa karibu litupwe, na sasa ni mwaka wa tatu nalivaa. Kola haigeuzwi mara mbili. Ikilika tena, kitambaa cha mgongoni, ambacho bado ni kizima, nitakikata vipande vya kufutia meza, na vifungo vitaingia kwenye kopo pamoja na vya mashati yaliyotangulia.