Nani Alisema Iwe Hivi? Kuunganisha Senario na Tiketi Yake

Niliwahi kufuta senario moja, yaani jaribio moja la programu, kwa sababu ilinichosha. Ilikuwa kwenye mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, na ilisema mwanachama aliyekwisha kuwadhamini wenzake wawili asiruhusiwe kumdhamini wa tatu. Kanuni hiyo sikuiona kwenye masharti ya chama tuliyopewa, hakuna mwenzangu aliyeikumbuka, na kila tulipogusa ukurasa wa wadhamini ilianguka. Nikaifuta. Majaribio yakawa kijani, yaani yote yakapita, nikaenda kula.

Wiki tatu baadaye mhasibu wa chama akapiga simu. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kasirika akamaliza: "Mwanangu, yale tuliyokubaliana kuhusu wadhamini, mmeyatoa lini?"

Makubaliano yenyewe yalikuwepo. Yalikuwa kwenye tiketi, yaani kumbukumbu ya ombi la kazi tunayoitunza kwenye mfumo, pamoja na mjadala mrefu na picha ya muhtasari wa kikao cha bodi yao. Tiketi ilifungwa mwaka uliotangulia. Lakini senario haikuijua tiketi, wala tiketi haikuijua senario.

Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi hivi: senario ni maelezo ya tabia ya mfumo yaliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, ambayo kompyuta inayasoma na kuyaendesha kama jaribio. Fikra hiyo aliianzisha Dan North na zana yake ya JBehave mwaka 2003, na ikaenea zaidi Aslak Hellesøy alipotoa zana ya Cucumber mwaka 2008. Sisi tunaandika hatua kwa Kiswahili, na badala ya kuhangaika na maneno ya Kiingereza ya kuanzia hatua, Given, When na Then, tunaanza kila hatua kwa nyota, ambayo Gherkin, lugha ya kuandikia senario za Cucumber, inaikubali bila tatizo. Ile niliyoifuta sasa iko hivi:

@MKOPO-212
Scenario: Aliyewadhamini wawili hawezi kumdhamini wa tatu
  Bodi ya chama iliamua hivi baada ya mdhamini mmoja kubebeshwa madeni ya watu wanne.
  * Asha amewadhamini wanachama 2
  * Asha anaomba kumdhamini mwanachama mwingine
  * mfumo unakataa na kusema "Umefikia kikomo cha udhamini"

Tegi ya juu, ile lebo inayoanza na @, ndiyo habari yenyewe. MKOPO-212 ni namba ya tiketi kwenye Jira, programu tunayosimamia tiketi. Mwenzangu akikutana na senario hii na kushangaa kama nilivyoshangaa mimi, dakika moja tu inamtosha kwenda kuona nani aliomba, lini, na kwa sababu gani. Na akitaka kuendesha hiyo peke yake anaandika cucumber --tags "@MKOPO-212".

Kosa la kwanza la kila timu ni kubandika tegi juu ya Feature, kichwa cha faili zima la senario. Gherkin inarithisha: tegi iliyo juu ya Feature inashuka kwa kila senario iliyomo. Faili lina senario kumi na tano, zote zinadai zimetokana na tiketi moja, ilhali tiketi hiyo ilizaa mbili tu na nyingine zimeongezwa na watu wengine kwa miaka. Ukifuata uzi huo unafika mahali ambapo hapahusiani kabisa na ulichokuwa unauliza. Tegi ikae karibu na kanuni inayoieleza. Inaweza hata kushuka chini zaidi ya senario. Tuna Scenario Outline, yaani senario inayorudiwa kwa kila safu ya jedwali, ya viwango vya riba ambayo safu zake zilitoka kwenye tiketi mbili tofauti, moja ya mikopo ya kawaida, nyingine ya mikopo ya dharura iliyokuja baadaye. Tulizigawa kwenye vitalu viwili vya Examples, yaani majedwali ya mifano, kila kitalu na tegi yake. Wengi hawajui kwamba Examples nazo zinapokea tegi.

Senario moja kuwa na tegi tatu si dhambi. Kanuni hubadilishwa. Tiketi ya kwanza iliizaa, ya pili ikairekebisha, ya tatu ilikuwa hitilafu iliyogunduliwa na wateja wenyewe. Mimi huziacha zote, mpya mwishoni.

Sasa kuna wanaofanya kinyume: wanachukua maandishi ya senario na kuyanakili ndani ya tiketi, ili meneja ayasome bila kufungua ripo, hifadhi ya msimbo. Nimeona matokeo yake mara nyingi mno. Senario inabadilika, nakala haibadiliki, na ubishi unapozuka mteja anafungua tiketi na kusoma kanuni ya mwaka juzi. Tiketi inasimulia tulivyofika hapa. Mfumo unavyofanya leo unaelezwa na senario peke yake. Meneja anayetaka kusoma apewe ripoti kutoka zana za kutengeneza ripoti: Allure, kwa mfano, inageuza namba za tiketi kuwa viungo ukiiwekea mpangilio wa allure.link.issue.pattern, na Serenity inazitambua ukiandika tegi kama @issue:MKOPO-212.

Tegi pia huoza, na hapa ndipo pa kuweka nguvu. Mtu anakosea tarakimu moja. Mtu anaandika MKOPO-000 ili mkaguzi wa msimbo asimsumbue (ndiyo, nimekutana nayo). Kwa hiyo kila usiku seva yetu inaendesha skripti fupi. Inaanza hivi, kwa kukusanya tegi zote za tiketi zilizomo kwenye faili za senario:

grep -rhoE '@MKOPO-[0-9]+' features | sort -u

Kisha kwa kila namba inaiuliza Jira kupitia /rest/api/2/issue/. Tiketi isiyokuwepo inaripotiwa. Iliyofungwa kwa sababu "haitafanyika" huku senario yake ikiendelea kupita, nayo inaripotiwa, maana mmoja kati ya hao wawili anadanganya. Na kuna jambo lililotuhangaisha siku nzima: tiketi ikihamishwa mradi, Jira inaipa namba mpya, lakini ukiiuliza kwa namba ya zamani bado inakujibu. Skripti ikaona kila kitu kiko sawa huku tegi zetu zikitaja namba ambazo hazionekani tena popote kwenye ubao. Siku hizi inalinganisha namba iliyoulizwa na namba iliyorudi.

Yale maneno yaliyo chini ya kichwa cha senario, yanayoitaja bodi ya chama, yanatokana na maumivu mengine. Timu moja niliyokuwa nayo ilihama mfumo wa tiketi, na ule wa zamani ukazimwa kwa kukwepa ada. Tegi zote zikabaki namba tupu, kama namba za simu za watu waliohama. Gherkin inaruhusu maandishi huru kabla ya hatua ya kwanza, wala hayaendeshwi. Tunaandika sababu hapo kwa sentensi moja, hata kama tiketi ina kurasa tano.

Kitu ambacho sikikubali ni jaribio kufunga tiketi lenyewe. Kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na tiketi zake, ukiandika "Fixes #45" tiketi inajifunga mabadiliko yakiunganishwa kwenye tawi kuu, na kwa hitilafu ndogo sina neno. Kwa kanuni mpya, hapana. Kijani kinasema tu kwamba msimbo unafanya tulichoandika. Kama tulichoandika ndicho mhasibu alichomaanisha, hilo anajibu mhasibu, na tiketi inabaki wazi mpaka ajibu.

La mwisho ni dogo, ila limewapotezea muda vijana wangu wawili mwezi huu. Mnaotumia namba za mtindo wa #45, msianze nayo ujumbe wa komiti (maelezo yanayoandikwa unapohifadhi mabadiliko ya msimbo kwenye Git) mnapoandika ndani ya kihariri. Git inauhesabu mstari unaoanza na alama hiyo kuwa maoni, inaufuta, na kama ndio mstari pekee inakataa komiti ikidai ujumbe ni mtupu. Ama tangulizeni neno lolote mbele yake, ama badilisheni alama ya maoni:

git config core.commentChar ";"