Mbu hawakuizoea dawa: maana ya utofauti wa jeni na mabadiliko ya nasibu

Chandarua chenye dawa kisipoua mbu kama zamani, utasikia watu wakisema: "Mbu wameshaizoea dawa." Sivyo. Mbu mmoja hajifunzi kuvumilia sumu kisha akawarithisha watoto wake ustadi huo. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi, na hayo ndiyo mageuko.

Dawa iliyozoeleka kwenye vyandarua ni ya jamii ya pairethroidi, iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Hunasa kwenye protini inayopitisha sodiamu katika neva za mbu. Neva zikakosa kutulia, mbu hupooza na kufa. Protini hiyo hujengwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni hunakiliwa kila seli inapogawanyika. Katika kunakili, makosa hupenya. Hata sisi binadamu, kila mtoto huzaliwa na makosa mapya yapatayo 60 hivi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi hayana athari, machache hudhuru.

Kosa moja la namna hiyo liligeuza kipande kidogo tu cha protini ya neva, na dawa ikakosa pa kunasa vizuri. Mbu wenye badiliko hilo waliripotiwa magharibi mwa Kenya mwaka 2000.

Hapa ndipo wengi hupotea: kosa halikutokea kwa sababu mbu alihitaji kinga. Ndiyo maana huitwa la nasibu. Mwaka 1952, huko Marekani, wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walilionyesha hilo kwa bakteria. Walikuza bakteria kwenye sahani, wakaigandamiza juu ya kitambaa cha mahameli, kisha wakagusisha kitambaa hicho kwenye sahani nyingine zilizotiwa dawa ya kuua bakteria. Waliosalimika waliota sehemu zilezile katika kila sahani. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kutiwa dawa, wakachota kutoka sehemu hizo, wakapata bakteria sugu. Usugu ulikuwapo kabla ya dawa.

Kwa hiyo dawa haiumbi usugu, huuchagua. Mbu wangefanana wote kijeni, dawa moja ingewateketeza. Lakini kila kujamiiana huchanganya jeni upya, na jike hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo. Wachache wanaosalimika hujaza mtaa kwa muda mfupi.

Kuna vyandarua vinavyochanganya pairethroidi na klorofenapiri, ambayo haigusi neva bali huvuruga seli za mbu zinapozalisha nishati. Mbu mwenye neva sugu bado hufa. Utafiti wa Misungwi, mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa watoto waliotumia vyandarua hivyo waliugua malaria kidogo kuliko waliotumia vya pairethroidi pekee. Makosa ya kunakili hayakomi, hata dhidi ya klorofenapiri, na ndiyo maana usugu wa mbu unapaswa kupimwa mara kwa mara.