Bima ya mama anayekwenda ng'ambo: tunayoambiana na yaliyo kwenye mkataba

Mama alipopata viza ya kwenda Texas kumsaidia dada yangu kulea mtoto mchanga, nyumba yetu ya Buruburu ilijaa washauri. Kila aliyewahi kumsindikiza mzazi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, alikuwa na lake kuhusu bima. Nilipoketi na mikataba yenyewe nikaona mengi ya maneno hayo hayasimami. Nayaeleza hapa, nikianza na lile linaloumiza watu zaidi.

"Usiseme ana presha, watakupandishia bei"

Hili nililisikia hata kwa wakala mmoja wa mjini. Alinyanyua kalamu akaniuliza kwa upole, "Presha tuiache, dada?" Angepata kamisheni yake siku hiyo hiyo, na shida ingebaki kwetu.

Bima nyingi za safari hazichunguzi afya ya mtu wakati wa kuuza. Unajaza fomu, unalipa, cheti kinaingia kwenye barua pepe. Uchunguzi hufanyika siku ya kudai. Mzee akilazwa kwa kiharusi, kampuni inaweza kuomba faili kutoka kwa daktari wake wa nyumbani, na faili hilo lina miaka kumi ya vidonge vya presha. Ulichokificha kwenye fomu ndicho kitakachotumiwa kulikataa dai.

Lakini kusema ukweli pekee hakutoshi. Angalia mkataba unasema nini kuhusu ugonjwa ambao mtu anao tayari. Bima nyingi za wageni wa Marekani huuondoa wote, kisha zinarudisha kipande kidogo: ugonjwa huo ukimshambulia ghafla bila dalili za awali, na akatafuta matibabu ndani ya saa 24. Sukari iliyopanda pole pole wiki nzima haimo. Kliniki ya kila mwezi haimo, wala kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo. Na kipande hicho nacho kina umri wake: kwingine kinakoma mtu akifika 70, kwingine 80. Mama ana 73, kwa hiyo mikataba miwili niliyokuwa nimeipenda niliiweka kando papo hapo.

Wanaompeleka mzazi Canada wana mtego mwingine. Mikataba mingi ya huko italipia ugonjwa wa zamani ikiwa tu "umetulia" kwa muda fulani kabla ya safari, mara nyingi siku 90 au 180. Dozi ikibadilishwa, hata ikipunguzwa, huhesabiwa kuwa haujatulia. Hapo tunajikwaa kwa nia njema kabisa: wiki moja kabla ya kuruka tunampeleka mzee kliniki aangaliwe vizuri, daktari anaongeza dawa kidogo, na siku zinaanza kuhesabiwa upya. Kliniki hiyo ifanyike mapema, hata miezi sita kabla.

"Ni ya dola milioni moja, tumemaliza"

Kwanza soma jedwali la umri. Kiwango kinachotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni cha vijana. Kwa wazee hushuka sana, na kwa waliopita miaka 80 kinaweza kubaki dola elfu kumi au ishirini tu.

Kisha uliza bima inalipa kwa njia gani. Kuna zinazolipa kiasi kilichopangwa kwa kila huduma: kiasi fulani kwa siku ya kulazwa, kiasi fulani kwa upasuaji. Hospitali ikidai zaidi, iliyobaki ni yenu. Hizi ndizo za bei nafuu, na ndizo watu hununua. Nyingine hulipa asilimia ya bili. Chukua bili ya dola 20,000. Mkataba unasema mgonjwa alipe dola 250 za mwanzo, halafu asilimia 20 ya dola 5,000 zinazofuata, na baada ya hapo bima ibebe zote hadi ukomo. Familia inatoa 1,250. Kwa ile ya kwanza, familia hiyo hiyo inaweza kujikuta ikitafuta dola elfu kumi na kitu.

"Uingereza ni bure, Marekani watamfukuza mlangoni"

Yote mawili si kweli. Uingereza, mgeni akifika idara ya dharura hatozwi kwa huduma ya pale. Akilazwa wodini, bili inaanza, na kwa mgeni ni asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko. Deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kumharibia maombi ya viza siku za usoni. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, kumpima mgonjwa na kumtuliza bila kujali uwezo wake. Haisemi ni bure. Bili itamfuata kwa posta.

"Viza imetoka, kwa hiyo bima iko sawa"

Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya angalau yuro 30,000, kwa dharura, kulazwa kwa haraka na kurudishwa nyumbani. Viza maalum ya wazazi na mababu ya Canada inadai dola 100,000 za Canada, kwa mwaka mzima. Viza ya utalii ya Marekani haidai bima yoyote, na huko ndiko matibabu yalikopanda bei kuliko kwingi duniani.

"Ana SHA na kadi ya kazini kwangu"

SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, haikuundwa kwa mgonjwa aliyeanguka jikoni Houston. Kadi ya kazini, soma kama mzazi yumo kabisa. Wengi wetu wazazi hawamo.

"Akifika huko tutanunua"

Inawezekana, mikataba mingi ya Marekani huuzwa hata baada ya mtu kutua. Ila kilichoanza kabla ya siku ya kwanza ya bima hakilipiwi, hata kama ni homa ya ndani ya ndege.

Jambo moja hakuna jirani aliyelitaja, kwa sababu nyumbani kwetu halitajwi mtu angali hai: kurudisha mwili. Nilimuuliza mama mwenyewe, nikiogopa. Akacheka. "Mnataka mnifungulie kikundi cha mchango kwenye WhatsApp?" Tukachagua mkataba wenye kipengele hicho.

Alisafiri na vidonge vya miezi mitatu katika mkoba wa mkononi, vikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Namba ya bima niliiandika mara mbili, maana mkataba wetu unataka wajulishwe ndani ya saa 48 mtu akilazwa kwa dharura. Karatasi moja iko kwenye pasipoti yake. Nyingine dada ameibandika kwenye friji.