Kemia ya kigae huanzia kwenye maji

Kiwandani, vigae vikitoka tanurini vimepasuka, vimepinda au vina doa jeusi katikati, wa kwanza kuulizwa ni fundi wa tanuri. Si ajabu, maana moto ndio unaoonekana. Mimi ni mkemia wa maabara ya vigae, na mara nyingi nikiifuatilia kasoro hadi chanzo chake najikuta nimesimama kwenye kinu cha kusagia, kwenye pipa la glezi (ule mpako wa kioo juu ya kigae), au kisimani. Ndiyo maana nataka kuzieleza zile kemikali ambazo kwa kawaida hazifiki hata kilo kumi kwa tani ya udongo, lakini zikikosewa hakuna moto wa kukiokoa kigae.

Malighafi yenyewe haina siri. Kuna udongo wa mfinyanzi unaoshikamana na kukubali umbo. Kaolini, kama ile ya vilima vya Pugu, inayoleta weupe na alumina, yaani oksidi ya alumini. Kwatzi inayokipa kigae uti wa mgongo. Na feldispa inayoyeyuka kwenye joto la juu na kugeuka kioo kinachoziba matundu. Vyote hivyo huingizwa kwenye kinu pamoja na maji na kusagwa kwa saa kadhaa mpaka litoke tope laini la majimaji, yaani slari. Slari hurushwa kwa matone ndani ya mnara wa hewa ya moto, maji yake yanakauka, na chembechembe zinazobaki zikiwa na unyevu wa asilimia 5 au 6 ndizo zinazokwenda kwenye presi, mashine inayozibana ziwe kigae.

Sasa tazama hesabu ya maji. Slari yenye maji asilimia 40 inabeba takriban kilo 667 za maji kwa kila tani ya udongo mkavu. Ukiishusha hadi asilimia 35, inabeba kilo 538. Chembechembe zenyewe hubaki na kilo 64 hivi, kwa hiyo mnara unatakiwa kukausha kilo 603 katika hali ya kwanza na 474 katika hali ya pili. Asilimia tano tu za maji, na tayari unachoma moto kwa robo zaidi kukausha kitu ambacho ulikiweka mwenyewe.

Lakini huwezi kupunguza maji hivi hivi. Slari itakuwa nzito kama maziwa ya mgando, kinu hakitasaga vizuri na pampu zitakwama. Hapo ndipo inapoingia kemikali ya kulegeza slari. Chembe za udongo ni vibamba vyembamba mno, na nyuso zake zina chaji hasi. Kalsiamu na magnesiamu, kila moja ikiwa na chaji chanya mbili, huvivuta vibamba hivyo vikakumbatiana ovyo na kufungia maji katikati yake. Maji yapo, lakini yamefungwa na hayasaidii kitu kutiririka. Ukiongeza silikati ya sodiamu, au tripolifosfeti ya sodiamu tunayoiita STPP, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: kalsiamu inakamatwa na kuondolewa njiani, na sodiamu inashika nafasi yake. Sodiamu ina chaji moja tu, haina nguvu ya kuvifunga vibamba. Vinasukumana, vinaachana, na maji yaliyofungwa yanakuwa huru.

Jambo hili linafurahisha kuliangalia maabara. Tunachukua kikombe cha kupimia mnato chenye tundu chini, tunakijaza slari, tunaachia tundu huku saa ikihesabu. Bila kemikali, slari inaning'inia kwenye tundu na kugoma. Unaongeza kidogo, sehemu ya kumi ya asilimia, unakoroga, unapima tena: inashuka kwa kigugumizi. Unaongeza tena, na ghafla inateremka kwa uzi mmoja usiokatika. Wengi wangetamani kuendelea kuongeza. Ukizidisha, sodiamu yenyewe inakuwa nyingi kiasi cha kuvirudisha vibamba pamoja, na sekunde zinaanza kupanda upya. Kipimo sahihi kiko kwenye bonde kati ya pande hizo mbili, na bonde hilo huhama kila unapobadilisha udongo au maji.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Visima vingi vya ukanda wa Pwani vina chumvi, na vingine vina kalsiamu ya kutosha kuacha ukoko mweupe ndani ya birika. Maji ya namna hiyo hula kemikali kabla haijaugusa udongo. Kiwanda kinaweza kutumia fomyula ileile kwa miezi, kikahamia kisima kingine wakati wa kiangazi, na ghafla slari ikawa nzito bila mtu kuelewa sababu. Mwendeshaji akiona hivyo anaongeza maji, mnara unazidiwa, unyevu wa chembechembe unayumba, na presi inatoa vigae vyenye sehemu ngumu na sehemu legevu. Tanurini sehemu legevu hunywea zaidi, na kigae kinatoka kimepinda. Fundi wa tanuri anaitwa. Kwa maoni yangu, kiwanda kisichopima maji yake kila wiki hakijaanza kudhibiti ubora, hata kiwe na mitambo mipya kiasi gani.

Kigae kikitoka presi bado ni udongo uliobanwa, kinavunjika kwa mikono. Tunaongeza lignosulfoneti kidogo, gundi ambayo ni zao la pembeni la utengenezaji wa karatasi kutokana na mbao, ili kistahimili safari ya kwenye mikanda hadi tanurini. Inasaidia, ila ina kaboni, na kaboni lazima iungue yote kabla feldispa haijaanza kuziba matundu. Ikifungiwa ndani, inaiibia oksijeni kutu (oksidi ya chuma) iliyo kwenye udongo na kuacha kiini cheusi, pengine na uvimbe. Tanuri za kisasa za rola humaliza safari nzima kwa saa moja au chini ya hapo, kwa hiyo muda wa kuunguza ni mfupi. Udongo wenye mabaki mengi ya mimea haufai kuongezewa gundi ya aina hii bila kufikiri.

Glezi nayo ina matatizo yake. Sehemu kubwa ni friti, kioo kilichoyeyushwa kabla na kumwagwa kwenye maji baridi kikasambaratika. Hufanywa hivyo kwa sababu malighafi kama boraksi huyeyuka kwenye maji na zingepotea zikitumiwa mbichi. Silikati ya zirkoni huleta weupe, na gundi ya selulosi, CMC, huishikilia glezi isituame wala kukauka haraka mno juu ya kigae chenye joto. Bakteria wanaipenda sana CMC. Katika joto letu, pipa lililoachwa wikendi bila kihifadhi hunuka kama yai bovu Jumatatu, na glezi iliyokuwa na mnato mzuri inatiririka kama maji. Ikipakwa hivyo, unapata mistari na matundu madogo. Dawa yake ni kihifadhi cha kutosha na mapipa yanayooshwa kweli, si kuongeza CMC mpya juu ya ile iliyooza.

Kasoro inayoniuma zaidi ni ile inayomfuata mteja nyumbani: nyufa nyembamba juu ya glezi, miezi au miaka baada ya kigae kubandikwa. Glezi inapaswa kunywea kidogo kuliko mwili wa kigae wakati wa kupoa, ili ibaki imebanwa. Mwili wenye matundu mengi hunyonya unyevu na kutanuka polepole, mbano unaisha, glezi inavutwa na kupasuka. Kwa vigae vya ukutani tunaongeza chokaa kwenye mwili. Ikikutana na silika (ile iliyomo kwenye kwatzi) tanurini hujenga fuwele za kalsiamu ambazo hazitanuki kirahisi kwa unyevu.

Kasoro hiyo inaweza kuonekana kabla ya gari kupakiwa. Vigae vinafungiwa kwenye chombo cha mvuke wa shinikizo la kilopaskali 500 kwa saa mbili, vinapozwa, kisha vinapakwa rangi ya wino. Kama glezi imepasuka, wino unaingia kwenye nyufa na kuzichora zote.