Oili gani ya giaboksi kwa gari yenye nguvu? Joto lisikuchanganye

Wakuu, haipiti wiki bila mtu kunipigia simu kanunua chuma, Toyota Crown Athlete ya cc 3,500, Mark X, Subaru Forester ya tobo au BMW X5, afu anataka nimtajie oili ya giaboksi "inayovumilia joto" akaichukue dukani. Na akifika huko dukani anapewa kopo la oili nyekundu anaambiwa hii haidroliki, inaingia gari zote mpaka pawa steringi. Nyekundu ni rangi tu jamani, imewekwa ili ukikuta tone chini ya gari ujue limetoka wapi, haisemi chochote kuhusu joto wala ubora, na zipo oili nzuri sana za giaboksi za kijani na za bluu.

Mi jibu langu huwa ni lile lile: tafuta kwanza namba ya oili ambayo hiyo giaboksi ilitengenezewa, yaani lile jina la kiwango linaloandikwa kwenye kopo kama WS au Dexron VI, joto tutaliongelea baadae, na sehemu kubwa ya hilo joto haitibiwi na oili hata ununue ya bei mbaya kiasi gani.

Kwa nini nasema hivyo. Kwenye giaboksi ya otomatiki katikati ya injini na gia kuna toki konveta, ndani yake kuna mapangaboi mawili ambayo hayajashikana, moja linazungushwa na injini linarusha oili na lingine linaipokea ndo linasukuma gia. Yakipishana mwendo, ile tofauti yote inageuka joto. Ukishakaa barabarani kasi imetulia kuna klachi humo humo ndani inafunga, mapangaboi yanazunguka pamoja na joto linashuka. Yaani gari inayokimbia 100 barabara ya Shinyanga inaweza kuwa na oili ya baridi kuliko gari iliyosimama mjini.

Sasa angalia mji wetu wa Mwanza ulivyo, mawe na milima kila upande. Kupanda hospitali ya Bugando saa ya kuona wagonjwa, foleni imesimama, dereva habani breki, anaishikilia gari kwa kukanyaga mafuta kidogo tu isirudi nyuma. Gari haitembei, kwa hiyo nguvu yote inayotoka kwenye injini pale inaishia kwenye oili, haina pengine pa kwenda. Hata ikiwa kilowati 5 peke yake ni sawa na kutumbukiza pasi tano za umeme kwenye hizo lita nane au tisa za oili na kuziacha zinawaka mpaka foleni isogee. Na wale vijana wanaobana breki huku wanakanyaga mafuta mpaka chini ili gari iruke, kwenye Athlete yenye farasi 315 hapo unapita kilowati 50 kirahisi. Hakuna kopo duniani limeandikwa litakalokuokoa na huo mchezo. Bana breki, toa mguu kwenye mafuta, basi.

Joto la kawaida la kazi ni kama nyuzi 80 mpaka 95. Kanuni tunayotumia mafundi ni kwamba kila ukiongeza kama nyuzi 10 juu ya 80, umri wa oili unakatika nusu. Ukigusa 115 inaanza kuacha utando wa kahawia kwenye valvu bodi, ile sehemu yenye vijinjia vya oili inayoamua gia gani iingie, juu ya 130 sili zinakuwa ngumu kama kucha, ukikaribia 150 klachi zinaanza kuteleza, na klachi ikiteleza inaongeza joto lingine juu yake, kuanzia hapo mambo yanaenda haraka. Usikisie. Nunua kile kiskana kidogo cha Bluetooth, chomeka chini ya dashibodi, soma joto la giaboksi kwenye simu, gari nyingi linaonekana. Wenye Subaru mna taa kabisa imeandikwa "AT OIL TEMP", ikikaa imewaka ukiwa unatembea oili imechemka, paki pembeni, ila ikiwa inapepesa pepesa tu baada ya kuwasha gari hiyo ni kompyuta ya giaboksi inakwambia ina kosa limehifadhiwa, hilo ni suala lingine kabisa na kubadilisha oili hakulifuti.

Haya, namba. Crown na Mark X hizo za miaka ya 2004 kuja juu zinataka Toyota WS. Toyota za nyuma yake nyingi zilikuwa T-IV, na hapo ndo watu wanapotelezea, kwa sababu T-IV ni nzito kidogo, mnato wake kwenye nyuzi 100 unacheza kwenye 7 wakati WS iko kama 5.5. Mtu anawaza gari yangu ina nguvu, Mwanza kuna jua, ngoja niweke nzito italinda zaidi. Hapana bana. Valvu bodi ya giaboksi ya WS ina njia nyembamba na solenoidi, yaani valvu za umeme, zinazopima presha kwa oili nyepesi, ukiweka nzito gia zinachelewa kuingia, zinagonga, na ile klachi ya ndani ya konveta inaweza kuanza kutetemeka ukiwa kwenye mwendo wa 60 au 70 hivi, unahisi kama unapita kwenye matuta madogo madogo. Sio uzito peke yake, kila oili ina dawa zake za kuamua klachi ishike kwa ukali gani. Ndo maana oili mbili zenye mnato sawa bado sio oili moja.

Kuhusu Dexron III ambayo imejaa madukani: General Motors (GM), wenye hilo jina, waliacha kutoa leseni yake mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo la leo lenye hilo jina halijathibitishwa na GM, inaweza kuwa nzuri au ikawa oili yoyote, na kwa gari ya farasi 300 mi siwezi kubahatisha. Iliyochukua nafasi yake ni Dexron VI.

Ukishapata namba sahihi, hapo sasa ndo uchague inayovumilia joto ndani ya namba hiyo hiyo. Chukua sinthetiki kamili. Kama kampuni inatoa karatasi ya vipimo angalia fahirisi ya mnato, ikiwa juu maana yake oili haibadiliki sana ikitoka baridi kwenda moto. Watu wengi mtandaoni wanakimbilia kipimo cha nyuzi ambazo oili inashika moto, wanajisifu ya kwangu 220 ya kwako 190, hicho mi sikipi uzito, oili ya giaboksi inakufa kwa kuungua taratibu na hewa na kwa molekuli zake kukatwa katwa na gia muda mrefu kabla haijafika huko.

CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda au cheni, usiweke ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida. Kamwe. Na wenye Forester za tobo mjijue, matoleo ya SG na SH ya otomatiki mengi yana giaboksi ya gia nne inayotumia ATF, ila toleo la SJ la 2013 kuja juu ni CVT hata kama ina tobo. Hizo SG na SH afu zina dipstiki mbili, moja ya ATF na nyingine ya difu ya mbele inayokunywa oili ya gia 75W-90, nimeletewa gari fundi kafungua nati ya difu akidhani ni ya giaboksi, difu imebaki kavu na giaboksi imejazwa ATF mara mbili. Tajiri kaja analalamika kelele za mbele. Kabla hamjafungua kitu mwambie fundi akuoneshe inayotoka ni ipi, ATF ni nyepesi, ya difu ni nzito na inanuka kiberiti.

Kingine ambacho nakiona sana ni rejeta. Oili ya giaboksi kwa gari nyingi inapoozwa kwenye kijibomba kilichomo ndani ya rejeta, na watu wanajaza maji ya bomba mwaka mzima bila kulanti, kutu inakula ndani, siku kikitoboka maji na oili vinachanganyika. Ukifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, unakuta uji wa pinki umejaa, umepoa mzito, unashika vidole. Maji au kulanti ikiingia kwenye giaboksi inalegeza gundi inayoshika nyuzi za klachi kwenye pleti zake, kwa hiyo hata ukisafisha vizuri mara nyingi klachi zinaanza kubanduka baadae. Kwa gari yenye nguvu, hasa kama unavuta boti kuitoa ziwani kule Capri Point au unapandisha Sekenke na mzigo kuelekea Singida, funga kipozeo cha nje mbele ya rejeta, oili ipite kwenye rejeta kwanza ndo iende huko. Hiyo hela inakusaidia kuliko tofauti ya bei kati ya oili nzuri na oili nzuri zaidi.

Muda wa kubadilisha. Hii habari ya "oili ya maisha" isikudanganye, ZF wenyewe waliotengeneza giaboksi za nyingi ya hizo X5 wanasema kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8, na kwenye zile za gia sita filta imeungana na sampo ya plastiki unabadilisha vyote pamoja. Gari ya Japani iliyotumika huijui historia yake, mi nabadilisha mapema. Ukifungua nati inatoka kama nusu tu au pungufu, nyingine imebaki kwenye konveta, kwa hiyo unamwaga, unajaza, unatembea, unarudia. Sumaku kwenye sampo zikiwa na tope jeusi laini ni kawaida, ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuviokota kwa kucha tunaongea mengine.

Giaboksi nyingi za WS hazina dipstiki, levo inapimwa kwa nati ya chini injini ikiwa inaunguruma na oili iko kati ya nyuzi 35 na 45. Gari iliyotembea kutoka Igoma mchana imeshapita hapo mbali, ukipima ikiwa imechemka oili imetanuka utadhani imejaa kumbe imepungua. Kwa hiyo anayekuja kwa kazi hii alaze gari gereji, tunaanza asubuhi ikiwa baridi, na oili unaweza kuja na yako mwenyewe ilimradi kopo lina sili yake na namba naisoma.