Shaba ya Barabara ya Mandela si yetu

Jumanne daladala yetu iliganda kwenye foleni ya Mandela, Dar es Salaam, nyuma ya lori lenye namba za Zambia. Limejaa shaba: mabamba mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Jirani yangu wa kiti akaguna, "Ona, kaka, mali yetu inavyoondoka mchana kweupe."

Nimekagua hesabu za migodi miaka mingi, kunyamaza kukanishinda. Ile shaba imechimbwa Zambia au Kongo, imeingilia mpaka wa Tunduma, inakwenda kupanda meli. Kwenye takwimu za mauzo yetu ya bidhaa nje haimo. Tunachouza hapo ni huduma na mahitaji ya njiani: tozo za bandari, ada ya wakala wa forodha, dizeli, wali wa dereva pale Mikumi. Nauli yenyewe, kwa lori la namba zile, inarudi Zambia.

Yetu ni dhahabu, nayo huioni Mandela, inaondoka kwa ndege. Mkuo mmoja wa kilo 20 una thamani kuliko lori zima la shaba.

"Basi hiyo hela yake iko wapi?"

Tangu sheria ya 2017, dhahabu ikisafirishwa nje, katika kila shilingi 100 ya thamani yake 6 ni mrabaha, malipo ya mgodi kwa Serikali kwa madini yaliyochimbwa, na 1 ada ya ukaguzi. Zinakatwa kwenye mauzo, mgodi upate faida au hasara, ndiyo maana nazipenda. Hisa za Serikali zisizofifishwa, yaani hazipungui hata mtaji ukiongezwa, asilimia 16, ndizo zinazoshangiliwa mikutanoni, lakini gawio halipo mpaka faida ipatikane na bodi iamue kuigawa. Kabla ya hapo wameshalipwa wauza baruti, sianidi na mitambo. Halafu kuna mkopo ambao mgodi umekopeshwa na kampuni mama, ile inayoumiliki kutoka nje. Riba yake inapunguza faida hapa, inakuwa mapato kule. Kwenye mafaili hapo ndipo ninapokesha.

Na Pato la Taifa, lile tunalotangaziwa kuwa limekua, huhesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka. Halimwulizi mwenye mgodi anaishi wapi.

Simlaumu jamaa kwa wasiwasi wake. Machi 2017 makontena 277 ya makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba, yalizuiwa bandari hii hii ya Dar, na mzozo ule ndio uliozaa Twiga, ubia wa Serikali na Barrick, kampuni ya madini ya Canada.

Jirani alikuwa bado anauwaza ule mkopo. "Yaani mama anamkopesha mwanawe?"

"Kwa riba."

Konda akaita Uhasibu. Nikashuka.